Nyumba Iliyo Karibu na Msikiti

Nilitolewa hotelini kwa adabu kubwa. Msichana wa mapokezi aliinamisha kichwa mara tatu, akanionyesha karatasi iliyosema wageni hawapokelewi tena mpaka ugonjwa upite, kisha akanibebea begi langu hadi mlangoni. Ilikuwa ile miezi ambayo kuta za Guangzhou hutoa jasho na nguo hazikauki. Mji mzima ulinuka siki, kwa kuwa watu waliamini kwamba ukichemsha siki ndani ya nyumba, ile homa ya mapafu haitaingia. Nilikuwa nimekuja kununua madaftari na kalamu katika mtaa wa Yide Lu kwa ajili ya duka la ndugu zangu Kariakoo. Mzigo ulikwisha kufungwa. Ndege yangu ndiyo iliyofutwa.

Nashukuru kwamba siku ile ilikuwa Ijumaa, maana vinginevyo nisingekuwa na pa kwenda. Niliingia msikitini na begi langu. Baada ya sala, mzee mmoja wa Kichina, mfupi, mwenye kofia nyeupe na goti bovu, alinishika mkono wa kanzu. Tulizungumza kwa Kiarabu cha vitabuni: mimi kile nilichosomeshwa chuoni utotoni, yeye kile alichofundishwa na baba yake. Matamshi yake yalikuwa mageni kwangu, nikawa namwomba arudie kila neno.

"Begi hili linakwenda wapi?" aliniuliza.

"Halijui."

"Na mwenyewe?"

"Naye hajui."

Akacheka. "Basi njoni wote wawili."

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja chini na dari ya mbao juu, ambako ndiko nilikolala. Alikuwa mjane, mstaafu wa kiwanda cha viatu, na watoto hakujaliwa. Kutoka mlangoni kwake hadi msikitini ni mwendo ambao mimi ningeumaliza kwa dakika mbili, yeye na goti lake dakika sita. Kwa miaka arobaini alikuwa ameuenda mwendo huo kila alfajiri. Lakini ukutani, nje, palikuwa na alama nyeupe ndani ya duara, na kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa nayo. Miaka ile mji ulikuwa ukijengwa upya kwa haraka, na mitaa ya zamani ilikuwa ikivunjwa ili yapande maghorofa. Upande wa pili wa uchochoro tayari palibaki matofali matupu.

Serikali ilimpa haki ya nyumba ya kodi nafuu. Nyumba zenyewe nyingi zilikuwa mbali, huko mwisho wa njia za basi. Karibu na msikiti ilibaki moja tu, ya chini, isiyo na ngazi. Alinipeleka kuitazama kwa nje. Ilikuwa na dirisha moja lenye nondo na mlango wa kijani uliochubuka. Alisimama mbele yake kama kijana anayepita mbele ya nyumba ya mchumba wake.

"Sitaki kubwa," alisema. "Nataka ile ambayo goti langu linafika."

Shida ilikuwa ofisi ya nyumba. Kwa sababu ya ugonjwa walikuwa wamefunga madirisha yote isipokuwa moja, wakawa wanawaita watu wachache kwa siku, kwa majina. Ukikosa siku yako unarudi mwisho wa orodha, na nyumba unayoitaka anapewa anayekufuatia. Alisubiri wiki nzima. Kila asubuhi tuliketi kizingitini tukimngoja mama wa kamati ya mtaa. Huyo alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa chekundu mkononi na barakoa iliyoshuka chini ya pua. Angekuwa kwetu tungemwita balozi wa nyumba kumi. Kila akipita mzee alinyanyuka nusu, na kila mara yule mama alitikisa kichwa. Hatimaye siku moja akapaza sauti tangu mwanzo wa uchochoro, mzee akanitafsiria: kesho, saa tatu.

Sasa, kwetu hatumwachi mtu aende kungoja bila kitu cha moto. Nikaamka kabla yake. Tangawizi niliinunua sokoni, pilipili manga na iliki nilikuwa nazo mwenyewe kwenye begi, ambamo mke wangu hunitilia hata nisipoomba. Nikaichemsha mpaka ikakolea, nikaimimina katika chupa yake ya kioo yenye mfuniko, ile ambayo wazee wa huko hutembea nayo. Nikamwambia, "Utakunywa ukiwa kwenye foleni." Mkono mmoja ulikuwa na mwavuli, wa pili na bahasha ya karatasi zake. Chupa akaibana kwapani. Nilimtazama mpaka akakunja kona, nikaingia ndani kumwombea.

Alirudi saa sita. Nyuma yake, kwa hatua tano hivi, alikuwa mama wa kamati, na barakoa yake safari hii imefunika pua. Chupa ilikuwa bado kwapani, haijafunguliwa.

"Wamenipima," mzee alisema. "Wameona homa."

Mlangoni mwa ofisi walikuwa na vipimajoto vya kioo, vya kuwekwa kwapani. Alikuwa amekabidhi mwavuli, akakabidhi chupa, akainua mkono, wakampima kwapa lile lile. Wakamweka kando. Walipompima tena baadaye joto lilikuwa limeshuka, lakini jina lilikwisha andikwa kwenye kitabu, na jina likishaandikwa hakuna aliyethubutu kulifuta. Karantini, siku kumi na nne, yeye na kila anayelala nyumbani kwake.

Mama wa kamati alibandika karatasi nyekundu mlangoni, akaipiga kofi ili ishike. Akasema maneno ambayo mzee hakutaka kunitafsiria, nami nikasisitiza.

"Anasema ana vizee sitini wa kuwaangalia katika mtaa huu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea Mwafrika."

"Mwambie namshukuru."

Alipoambiwa alinitazama kwa muda. Kesho yake alituletea wali na kabichi, akauweka kizingitini na kurudi nyuma, na siku zote kumi na nne hakukosa.

Mimi nilijua tangu pale alipoitoa ile chupa kwapani, ikiwa bado ina joto. Yeye hakujua, au hakutaka kujua. Siku ya kwanza sikusema. Siku ya pili sikusema. Nilikuwa nimewasomesha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba ukweli usicheleweshwe, na sasa nilikuwa napanda darini mapema nikijifanya nimechoka.

Simu ya mezani ya mzee ikalia siku ya tatu. Alikuwa mke wangu, ameazima simu dukani kwa kaka yake, maana siku ya kwanza ya kufungiwa nilikuwa nimewapigia ndugu zangu kuwapa habari na namba ya mzee.

"Baba watoto, ni kweli mmefungiwa?"

"Ni kweli, lakini hatuumwi."

"Na nani anapika?"

"Tunaletewa. Na mimi hupika kidogo."

"Wewe? Wewe usiyejua hapa nyumbani chumvi inakaa wapi?" Nikasikia watu dukani wakicheka. Kisha waya mrefu wote ule ukawa unavuma kati yetu. "Ile chai ya tangawizi unakunywa? Nimekutilia iliki."

"Nimeinywa," nikasema. Niliposhusha simu, nikaenda nikakaa mbele ya mzee nikamweleza yote, kuanzia tangawizi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Ilikuwa na sukari?"

"Ilikuwa nayo."

Tangu nilipofika, yeye mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akitusalisha. Magharibi ile alinionyesha kwa mkono nisimame mbele, akabaki nyuma yangu. Nilisoma sura fupi kabisa. Siku iliyofuata naye alikuwa vile vile, hana hasira, anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Nje, mashine za kuvunjia zilifika hadi nyumba ya jirani, zikaiona karatasi nyekundu, zikazimwa. Madereva walikaa juu ya matofali wakivuta sigara. Kila alfajiri adhana ilisikika kutoka ndani ya msikiti ule wa karibu, kwa sauti ndogo, nasi tulikaa nyuma ya mlango tusioruhusiwa kuufungua. Yeye alikuwa amekwisha kutawadha. Alivaa viatu vya kutokea. Alisali akiwa amevivua na kuviweka pembeni, vimeelekea mlangoni.

Siku ya tano alisema, ghafla, huku akimenya kitunguu: "Marehemu mke wangu naye alikuwa hanitoi mikono mitupu. Alinifungia mkate wa moto. Mara moja uliniunguza hapa." Akajigusa kifuani. Usiku wa jana yake alikuwa amefikiri nini, sikumuuliza. Kuanzia hapo alirudi mbele kutusalisha.

Karatasi ilipobanduliwa tulikwenda ofisini pamoja, mikono mitupu. Mlango wa kijani ulikuwa umekwisha pata mtu, familia yenye mama mgonjwa, na mzee aliposikia hivyo alisema Alhamdulillahi nami nikajua alimaanisha. Alipewa nyumba huko mwisho wa basi. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya zamani na ile ya mlango wa kijani: maji bombani, choo ndani, lifti ya goti lake. Tulihamia kwa kigari cha mizigo, na mama wa kamati akaja kusimamia kitanda kisivunjwe miguu, akigombana na wachukuzi kama mama mkwe.

Basi la kwanza la asubuhi huko huanza jua limeshachomoza.

Nilikaa naye siku tisa, mpaka ndege ziliporudi. Kila alfajiri tuliamka, watu wawili, jamaa ndogo kuliko zote, tukasali kwenye chumba kilichonuka rangi mpya. Akimaliza alisogea dirishani na kulifungua, akatega sikio upande wa mjini. Hapakuwa na cha kusikia ila magari. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi kituoni, akaniambia ameomba kubadilishiwa, amejaza fomu, na mama wa kamati ameahidi kuipeleka mwenyewe. "Ikitokea ya karibu," alisema, "watanikumbuka."

Safari iliyofuata nilimkuta anakwenda Ijumaa tu. Fomu ilikuwa bado ofisini, haijajibiwa. Safari ya baada ya hapo nilipopiga simu, namba yake ilipokewa na mwanamke nisiyemjua, na nilipofika mlangoni, wapangaji walikuwa wengine. Mtaa wa zamani ulikuwa umekwisha kuwa maghorofa, na mama wa kamati sikujua pa kumtafuta. Nilizunguka nyuma ya msikiti, nikasimama mbele ya kila mlango wa chini usio na ngazi, nikibisha na kuomba radhi, mpaka adhuhuri ikaniita.

Mimi sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yeye. Msikiti wetu uko ng'ambo ya njia, na Mwenyezi Mungu ameniachia magoti. Kila alfajiri navuka, na huko kwake, kama yuko hai, jua limekwisha panda. Namwomba Mola mzee awe amekwisha kusali kwa jamaa siku hiyo, na awe amefika kwa miguu yake.