Pombe ya Suluhu Haisimamishi Siku za Rufaa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, baridi ya Ufipa ikiwa bado imelala juu ya mabati ya Sumbawanga, Desideri alipobisha hodi kwangu akiwa na barua ya kufukuzwa kazi ndani ya koti. Nilimpa kiti, hakukaa. Alisema tu, "Kalisto, wamenimaliza," kisha akasimama akiwatazama kuku wangu kama mtu anayetaka kununua.

Mwanangu, wewe umeajiriwa serikalini juzi tu, na nasikia umeshajiunga na chama cha wafanyakazi. Umefanya vema. Mimi nilikuwa mwanachama hadi siku niliyostaafu, na sikufundishi kukikimbia chama. Nataka ujue la kufanya siku chama chenyewe kitakapokugeuzia mgongo.

Na umjue kwanza anayesema nawe. Mimi ni mtoto wa mkulima wa ulezi. Katika ukoo wetu hakuna aliyevuka Mbeya kwa ajili ya shule kabla yangu. Nilikwenda pwani na mashati mawili, nikarudi na diploma ya mifugo, pikipiki niliyoinunua mwenyewe, na mke aliyejifunza kuizoea baridi hii bila kulalamika. Nyumba hii ya matofali ya kuchoma sikusaidiwa na mjomba wala shangazi. Wako waliobaki hapa hapa na bado wanasema nina majivuno. Waache waseme. Nikizungumzia kazi ya serikali, naijua ndani na nje.

Desideri tulianza naye darasa la kwanza. Yeye alikuwa bwana mifugo kule bondeni, Mtowisa, akichanja ng'ombe kwenye joto ambalo sisi wa juu hatuliwezi. Kosa lake lilikuwa kuuliza. Katika mkutano wa tawi la chama chetu alisimama akataka kujua kwa nini uchaguzi haufanyiki, ilhali muda wa viongozi umekwisha. Mwenyekiti wa tawi, Mzee Anselmo, akacheka, na wajumbe wakacheka naye. Muda si mrefu Desideri akaambiwa amefutwa uanachama kwa utovu wa nidhamu. Hakuitwa popote kujieleza.

Masika yalipokuja, barabara za bondeni zikakatika, naye akakwama huko kwenye maboma ya wafugaji akiendelea na chanjo. Mwajiri akamshtaki kwa utoro. Kwenye kamati ya nidhamu alikuwa na haki ya kufika na mwakilishi wa chama. Alipomwendea Anselmo, alijibiwa, "Chama husimama na wanachama. Wewe ni nani kwetu?" Desideri akaingia peke yake, na ule mdomo uliouliza mkutanoni ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Ndipo ilipokuja ile barua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi nguo hiyo tulikuwa tumeishona wenyewe.

Nilimpakia kwenye pikipiki nikampeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa parokia, ambako wakili kutoka Mbeya alikuwa akija kuwasaidia watu bila malipo. Benchi lilijaa wajane wenye kesi za mashamba. Desideri akarudi nyuma. "Mtumishi wa serikali nikae hapa?" akaninong'oneza. Mama mmoja alimsikia, akasogea. "Kaa, baba. Benchi hili halina cheo. Nasi tulikuja tumevaa vizuri siku ya kwanza." Mficha uchi hazai, mwanangu. Akakaa.

Wakili alikuwa dada mwenye maneno machache, akiitwa Tumaini. Aliisoma barua mara moja akasema, "Kaka, unayo njia. Hata katiba ya chama chako inataka mtu asikilizwe kabla ya kufutwa. Wewe hukusikilizwa, na kwa sababu hiyo ukakosa wa kukusemea kwenye kamati. Tutayasema yote hayo kwenye rufaa. Niletee wafugaji wawili waliokuona ukichanja."

"Na malipo yako?" Desideri akauliza, maana cha bure kilimtia shaka.

"Ofisi hii ina wanaoilipia. Wewe unadaiwa kufika tu. Rufaa ina siku zake, na zilianza kuhesabika ulipoipokea barua hii."

Tulitoka pale Desideri akipiga mluzi. Laiti mambo yangeishia hapo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mzee Anselmo alikwenda nyumbani kwa mama yake Desideri. Alikuwa amesikia habari za wakili. Alikaa kwa heshima, akasifu shamba, akasema mambo ya chama ni mambo ya ndugu. Desideri, aliye mdogo, alete chungu cha pombe ya ulezi, wanywe, naye atamrudisha chamani na kumsemea kwa wakubwa. "Ila karatasi za wakili ziwekwe chini kwanza," alisema. "Mtu hanywi na anayemshtaki."

Mwanangu, nyinyi mliozaliwa mjini mnaweza kuliona hili jambo dogo. Kwetu waliokunywa chungu kimoja cha suluhu hawaendi tena mbele ya baraza kushtakiana, na anayekwenda huonekana mchawi. Desideri alifurahi hadi machozi. Nilikuwapo, nikasema, "Rufaa iende kwanza, pombe ifuate."

Anselmo akanigeukia akitabasamu. "Bwana Diploma, huko pwani watu hupatana kwa mhuri, sivyo? Huku tunapatana kwa ulezi. Umekaa sana ugenini, umesahau hata ladha yake."

Watu walicheka. Hata Desideri alicheka. Nikachukua kofia yangu, nikawasha pikipiki, nikaondoka.

Sasa, pombe ya ulezi haiharakishwi. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, huanikwa, husagwa, hupikwa, kisha huachwa uchachuke. Na katika baridi ya miezi ile kimea hakitaki kuota. Mama yake Desideri alikifunika kwa blanketi la kitandani kwake, yeye akalala kwa kanga. Pombe ilipoiva, Anselmo akatuma salamu kwamba yuko Kipili kwa shughuli za chama, wamngoje. Pombe ikachacha ikamwagwa, mama akaloweka ulezi mwingine, ule aliokuwa ameuweka kwa mbegu. Tumaini naye alituma ujumbe, akatuma tena. Desideri alijibu kwamba wanaendelea kupatana.

Hatimaye Anselmo alikuja. Alikunywa vizuri, akamsifu mama kwa mkono wake, akamshika Desideri bega. "Limekwisha, mdogo wangu." Nami niliitwa; kata ya pombe iliponifikia niliipitisha bila kunywa, na moyoni nilijiona mwerevu kuliko wote waliokaa pale.

Siku zikapita. Desideri alipokwenda kuuliza lini atarudi kazini, Anselmo alimshangaa kwa upole. "Mimi nimekusamehe, na chamani utarudi. Lakini kazi, je, ni mimi niliyekufukuza?"

Desideri alikimbia hadi kwa wakili, nami nilikuwa naye. Tumaini alitazama tarehe ya barua, akaweka kalamu chini. Akasema muda umepita, ila mtu anaweza kuomba aongezewe muda akiwa na sababu nzuri. "Sababu yako ni nini, kaka?"

"Tulikuwa tunapatana."

Dada yule hakumcheka. Aliandika ombi lile kwa maneno bora kadiri alivyoweza, akalisindikiza kwa nguvu zake zote. Lilikataliwa. Waliojibu walisema kunywa pombe na kiongozi wa chama hakusimamishi siku za rufaa. Wafugaji wake wawili, waliokuwa tayari kusema kweli, hakuna aliyewaita.

Nilikwenda kumfariji mama yake. Nilimkuta akiosha vyungu. "Shikamoo, mama," nikamwambia, "lakini mimi nilimwambia."

"Marahaba," akajibu, bila kuinua uso. "Ulimwambia, kweli. Mtoto akielekea kwenye moto, Kalisto, unamwambia, au unamshika? Wewe ulichekwa mara moja tu, ukawasha pikipiki. Mwanangu kapoteza kazi. Wewe ungepoteza nini kama wangekucheka tena?"

Nimefundishwa na walimu wengi wenye vyeti vikubwa, lakini hakuna aliyenipiga kama yule mama, na mikono yake ilikuwa majini muda wote.

Desideri alishuka bondeni, akawa mchungaji wa kukodiwa. Ng'ombe wale wale aliowachanja akawa anawaswaga kwa fimbo, na wenye ng'ombe walimwita kwa jina lake tupu, bila "bwana". Hakuwa tena na hamu ya kupanda huku. Mama yake alipofariki alikuja, akasimama nyuma ya watu makaburini, akaondoka kabla ya chakula. Hatujaonana tena. Anselmo aliagwa kwa heshima alipostaafu, akapewa godoro na jokofu. Usiningoje niseme kwamba alipatwa na jambo. Hakupatwa.

Basi sikia, mwanangu. Chama ni chako, kipende, hudhuria mikutano, uliza yanayokukera. Kiongozi wake akikuonea, usimwogope, wala usidhani kwamba kumshtaki ni kuasi. Msaada wa sheria wa bure upo kwa ajili yako pia, usione haya kukaa benchi moja na mjane. Fungua shauri lako kwanza, lipokewe, lipigwe mhuri, ndipo ukapatane na anayetaka kupatana. Anayekutakia suluhu ya kweli hatakataza rufaa yako. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Na ukiwa wewe ndiye unayejua njia, usiseme ukaondoka. Mshike mwenzako mkono hata wakikucheka. Tangu siku ya vyungu vile nimewapeleka watumishi wengi kwenye lile benchi, walimu, wauguzi, hata dereva mmoja aliyenitukana njiani, nikakaa nao hadi shauri lipokewe. Hakuna niliyempeleka akachelewa, na hilo nalisema kwa majivuno, anayechukia achukie.

Nenda kazini kwa amani. Mungu wa baba zetu akulinde na mwenyekiti mwenye maneno matamu. Akupe rafiki atakayekubali kuchekwa kwa ajili yako, na ikibidi akuburute, akufikishe kabla mlango haujafungwa.