Mutoto wa Tembo na Majivu Yangu

Leo nimechapwa hamsa ishirini, na sijutii hata kiboko kimoja.

Amahoro kwanza, jamaa zangu wa Rumonge.

Kazi yangu munaijua: ninamutangulia bwana mukubwa wa Kidachi porini na mufuko wa majivu. Ninayatikisa, yanatuonyesha upepo unaenda wapi, ili tembo wasisikie harufu yetu.

Jana aliua jike moja la tembo milimani, juu ya Minago.

Leo tumewakuta wenzake. Mutoto wa yule jike iko katikati, anatetemeka, analia. Jike moja akamutia mukonga mudomoni, polepole. Mwingine akamupapasa mugongo.

"Wanafanya nini?" bwana akaniuliza.

"Wanamubembeleza, bwana. Amefiwa."

Akacheka! "Munyama hana huzuni. Upepo?"

Nikatikisa majivu. Upepo ulikuwa muzuri kabisa.

"Mubaya, bwana. Tuzungukie kule."

Tulipofika kule, harufu yetu ikawafikia. Wakamuweka mutoto katikati, wakaenda zao.

Bwana si mujinga. Akaninyang'anya mufuko, akatikisa mwenyewe. Majivu yakaruka moja kwa moja kule walikokuwa tembo.

Askari wake wakanilaza chini.

Sasa wabebaji wenzangu wanakuja mumoja mumoja, wananipaka mawese mugongoni.

Kesho nimutangulie tena, ameamuru, maana hana mwingine anayelijua pori hili.

Nyinyi mungefanya nini?

Majivu amechukua. Njia bado iko mu kichwa yangu.