Mkimbiaji wa Nne

Wenzangu hukusanya jezi. Mimi hukusanya wanariadha wa wino. Kule Ndabibi kuna mchoraji anayechonga wakimbiaji kwenye ubao, anaupaka wino, anaukandamizia karatasi, kisha kila nakala anaiandikia namba kwa penseli pale chini na kutia sahihi. Zikitimia thelathini anaukwaruza ubao kwa patasi ili isitoke nyingine. Thamani yote iko hapo, na nimechoka kuwaeleza watu.

Seti niliyoitaka ni ya mbio za kupokezana vijiti: picha nne, kila moja na mkimbiaji wake. Zikiwa na namba ileile, ni timu moja. Nilikuwa na tatu, zote namba kumi na moja, sebuleni kwangu, mtaa wa Section 58. Nafasi ya nne niliiacha wazi ukutani kwa miaka, nikimsumbua mchoraji hadi aliyekuwa na hiyo kumi na moja ya mwisho akakubali kuiachia.

Siku niliyoichukua, mvua ilinikuta njiani. Nikapitia kwa mama, mtaa wa Kaptembwo, nikailaza juu ya kabati lake. Nikamwambia ni kitu cha maana sana, anichungie mpaka Jumamosi fremu ikiwa tayari.

Hayo maneno "cha maana" ndiyo yaliyoniponza. Tulikulia chini ya mabati yanayovuja, na kwa mama karatasi ya maana ina dawa moja tu. Hata kadi zetu za ubatizo zimefunikwa plastiki.

Jumamosi alinipokea akitabasamu. "Angalia vile nimekutengenezea."

Mkimbiaji wangu alikuwa mgumu kama sinia, anang'aa.

"Mama, umeipeleka laminesheni?"

"Pale kwa saiba, wanakopiga fotokopi. Sasa hata chai ikimwagikia, unapanguza tu."

Nikatafuta namba. Haikuwepo, wala sahihi.

"Na hapa chini, si kulikuwa kumeandikwa na penseli?"

"Hiyo uchafu? Karatasi ilikuwa kubwa, haingetoshea plastiki. Nikawaambia wakate hapo tu, wasiguse mtu."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilitoka nje nikampigia mchoraji. Akasema, "Boss, ubao nilishaukwaruza. Unajua." Nilijua. Hiyo ndiyo sababu nilikuwa nazitaka.

Nikarudi ndani nikanywa chai. Ningemgombeza vipi? Vyeti vyangu vyote vilifika kwenye kila ofisi vikiwa vikavu kwa sababu yake. Lakini ukweli ni kwamba nilitamani kumgombeza, na bado natamani.

Mama akaniona uso umenishuka, akadhani amejua kinachonisumbua.

"Usijali, baba. Hizo zingine tatu pia tutazifanyia. Wa saiba nimeshaongea na yeye. Nitazichukua Jumapili nikija kwako baada ya kanisa."

Jioni hiyo nilizitoa zile tatu ukutani, nikazifunga kwa shuka na kuzisukuma uvunguni mwa kitanda. Ya nne nimeitundika, maana lazima aikute. Nimeitundika mahali pake palepale, mwishoni, na ukuta wote uliobaki ni mtupu. Mkimbiaji ameinama mbele, tayari kuondoka, mkono ameunyoosha nyuma na kiganja kiko wazi, anangoja kijiti.