Jembe la Bibi

Siku hizi mtu akiniambia "pumzika, umri umekwenda," namtazama mara mbili. Juzi nilimpeleka mama hospitali pale Sumbawanga, daktari kijana akaanza kumhoji: unatembea? Unavuta tumbaku? Presha unapima? Jioni unaongea na nani? Akasema mazoea ya miaka mingi yana mchango wake katika usahaulifu wa uzeeni, ingawa hakuapa kwamba anayejitunza hapatwi. Mama alimjibu kwa mkato. Mimi mawazo yalishakwenda kwa bibi, mama yake baba.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Mpui, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara. Kabla ya hapo, masika yakielekea kuisha, bibi alikuwa wa kwanza kufukia nyasi zioze ziwe mbolea kwenye matuta yetu ya mviringo, yale ambayo siku hizi huyaoni sana. Alilima akibishana na wenzake, akarudi na harufu ya udongo mbichi na habari za watu wote. Lakini baba alipokuwa balozi wa nyumba kumi, aliona aibu mama yake kushika jembe. Akamnyang'anya. Bibi akawekewa kiti barazani, kiko hakizimiki, kibuyu cha pombe ya ulezi hakikauki. Sote tuliona hiyo ndiyo heshima.

Kisha akaanza kuuliza kama ameshakula, na mikono bado ina ugali. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa.

Hakuna aliyekitilia shaka kile kiti. Tulimshuku jirani, bibi wa rika lake aliyekuwa bado akienda kwa miguu hadi mashamba ya zamani. Huyo alikumbuka kila kitu, hata mbuzi wa nani alikula mbegu za nani.

"Akili zote hizo kazitoa wapi?" mama alinong'ona. "Mmoja anapungukiwa, mwingine anazidi tu."

Maharage aliyotuletea tuliwamwagia kuku. Nilikaa nikiwachunguza kuku wale, kama jioni watalisahau banda.

Kila asubuhi jirani alisimama uani. "Mwenzangu, twende tukafukie nyasi." Na bibi, ambaye sisi hakutujua vizuri tena, aliinuka. Hilo ndilo lililowatisha wakubwa zaidi: kwa nini amtii huyo peke yake? Baba akampiga marufuku kukanyaga kwetu.

"Mwenzangu hajapita?" bibi aliuliza asubuhi, akauliza tena jioni. Tulimdanganya kwamba kaenda Wampembe kwa wanawe, na huku tunamwona akipita barabarani na jembe begani. Inaniuma mpaka leo.

Mvua zilizofuata, bibi hakumuulizia tena. Hakumuulizia mtu yeyote. Alikaa kimya, macho barabarani, mate yakimtoka.

"Mnaona?" mama akasema, akimfuta mdomo kwa upendo. "Tangu yule mchawi aache kuja, bibi yenu ametulia."