Moshi wa Khalfani Tanuri

Pale soko la Mchikichini, kwenye safu ya mashati ya mitumba, ukiuliza Khalfani muuza mashati watu watakutazama tu. Uliza Khalfani Tanuri. Jina hilo alilipata kihalali: sigara moja mdomoni, nyingine nyuma ya sikio inasubiri zamu yake, na akikutajia bei moshi unamtoka puani kama sufuria iliyofunuliwa. Mtu wa maneno, mtu wa utani, na mwenzake akikwama kwenye chai, anamlipia bila kuulizwa. Hana baya na mtu. Ubaya wake ulikuwa nyumbani, na mwenyewe alikuwa haujui.

Nyumbani kwake ni Kariakoo, katika mojawapo ya zile nyumba chache za kizamani zilizosalia kati ya maghorofa: ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, uani jiko na bomba. Nyumba ya marehemu baba yake hiyo, na vyumba vya nyuma kapangisha. Yeye na mkewe Tatu wanakaa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Dirisha lenyewe halifunguliwi. Kariakoo ukiacha dirisha wazi unaamka shuka haipo. Wapo watu wanaingiza fimbo yenye ndoano wanavua nguo zako kama wanavua samaki, na Khalfani marobota yake ya mashati alikuwa anayaweka mle mle chumbani. Basi dirisha likapigwa misumari, likashushiwa pazia zito. Kila jioni Tanuri anarudi, anakaa ukingoni mwa kitanda, anavuta. Kabla ya kula anavuta, akishakula anavuta. Tatu yuko pembeni yake anashonea mashati vifungo vilivyopotea. Ndivyo walivyoishi tangu Tatu alipoletwa pale bi harusi, hina haijatoka mikononi, mpaka mtoto wao Adamu akaoa na kuhamia Kigamboni. Na Tatu maisha yake yote hajawahi kutia sigara mdomoni.

Kilichomwachisha Khalfani ni jiko la mkaa. Ilikuwa Ramadhani, Tatu kachuchumaa uani anakoka moto wa futari. Akainama, akapuliza. Mkaa haukushtuka. Akapuliza tena, mashavu yamemvimba, mishipa ya shingo imemsimama, na upepo uliotoka usingezima hata kiberiti. Akakaa chini, mkono kifuani, na kifua kinapiga mluzi mwembamba.

"Baba Adamu," akasema, "naona pumzi zangu zimekwisha."

Alisema huku anacheka, lakini Khalfani moyo ulimpasuka. Anampenda mkewe, tusizunguke mbuyu hapa. Mwezi wa Idi ulipoandama, wenzake wakamsogezea kiberiti kama kila mwaka, akasema hapana, basi. Jamani, aliteseka! Alitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Aligombana na wateja, akagombana na jirani yake wa meza, akagombana na shati lililogoma kuingia kwenye hanga. Mkono ukawa unakwenda wenyewe nyuma ya sikio, unapapasa, unarudi mtupu. Lakini hakuvuta. Akajua deni la moshi wake kwa mkewe limekwisha, na sasa pumzi za Tatu zitarudi.

Pumzi za Tatu hazikurudi. Kilichorudi ni pua ya Khalfani.

Kwanza alifurahi. Robota likifunguliwa anasikia harufu ya sabuni za watu asiowajua, manukato, dawa, jasho la nchi za mbali. Akipita kwenye viungo sokoni anasimama tu ananusa iliki kama mtoto. Halafu jioni moja, adhana ya magharibi ndiyo kwanza inamalizika, akafungua mlango wa chumba chake akasikia sigara.

Si harufu ya zamani, ndugu yangu. Ya sasa hivi. Kama mtu kavuta, kamaliza, katoka kwa mlango mwingine, na chumba hakina mlango mwingine. Akatazama kitandani. Ukingo wa godoro, pale alipokuwa akikaa yeye, ulikuwa umebonyea.

"Nani alikuwa humu?" akamuuliza Tatu.

"Alikuwa nani wapi?"

"Usinichezee akili. Kuna mwanamume kavuta sigara humu ndani."

Tatu alimtazama mumewe usoni, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka mluzi. Alipopata sauti akasema, "Mwanamume mvuta sigara humu ndani namjua mmoja tu. Mimi sisikii harufu yoyote, Baba Adamu."

Khalfani akamwita mpangaji wao Blandina, mama wa Masasi anayeuza wali sokoni. Naye akanusa, akasema hasikii kitu. Mwenzangu, fikiria: nyumba nzima watu wana pua, na aliyekuwa anasikia ni yeye peke yake. Kila magharibi anakuta imemtangulia. Mwili ukawa unamsisimka hata kabla hajashika kitasa.

Akaona dawa ni rangi. Akanunua ndoo ya rangi nyeupe, akakipaka chumba chote mwenyewe, kikawa kinang'aa kama jino. Siku chache kikatulia. Kisha masika ikaingia, mvua za kutwa, joto limefungiwa ndani pamoja nao, na ukuta ukaanza kutoka jasho. Si maji meupe. Matone ya rangi ya chai, yanachipuka juu usawa wa dari, yanateremka taratibu juu ya ile rangi mpya, yanaacha michirizi. Khalfani akagusa moja kwa kidole. Linanata. Akalinusa. Lilikuwa sigara tupu.

Hapo akashindwa kuvumilia, akamfuata shangazi yake Buguruni. Bi Sitara ni mtu wa mambo ya pepo, kayakuta kwa mama yake. Alipofika hakuutazama sana ukuta. Alimkalisha Tatu, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza mluzi ule unaopanda na kushuka.

"Hiki si kikohozi," akasema. "Huyu ni pepo mwenyewe. Khalfani, miaka yote hii sigara alikuwa anaipata kwako. Umemkatia ghafla, hukumuaga, hukumpa chake. Kahamia kwa mkeo, anapiga mluzi anadai."

"Sasa tufanyeje, shangazi?"

"Afukizwe, atoke."

Na kufukiza ndiyo kufukiza. Mlango ukafungwa, nyufa zikazibwa kwa kanga. Tatu akakalishwa kwenye kigoda, chetezo kati ya miguu yake, ubani, udi na majani aliyokuja nayo Bi Sitara, kisha akafunikwa kaniki kutoka kichwani mpaka sakafuni.

"Shangazi, moshi siuwezi," sauti ya Tatu ikatoka chini ya kaniki.

"Asiyeuweza ni yeye, siyo wewe mwanangu. Vumilia."

Khalfani ndiye aliyeshika pindo za kaniki, moshi usipotee. Alizibana kwa mikono yake miwili, kwa mapenzi yote aliyonayo. Kule ndani mluzi ukapanda. Ukawa mkali, mwembamba, sauti ambayo hukuweza kusema inatoka kwa Tatu, na ukutani matone yakawa yanashuka kwa wingi kwa lile joto. Halafu mluzi ukakatika.

"Anatoka!" Bi Sitara akapiga kelele. "Shikilia!"

Khalfani akashikilia. Machozi ya furaha yakamlenga, wallahi. Chumba kikawa kimya kabisa, kimya ambacho hakijapata kuwamo mle kwa miezi. Ndipo akaona kaniki haichezi. Haipandi, haishuki.

Mlango ukagongwa kwa mateke. "Fungueni!" Ni Blandina, kaona moshi unavuja juu ya mlango. "Fungueni, mnaua mtu humo!"

Tatu alitolewa mdomo umekuwa wa bluu. Wakampakia kwenye bajaji, Blandina kamkumbatia kifuani, Khalfani kajibanza kwa dereva, mguu mmoja uko nje unarushiwa matope, anapiga kelele watu wapishe. Hospitalini wakamvisha barakoa ya hewa. Kwa rehema za Mungu akafumbua macho. Daktari, binti mdogo tu, akampima, akampiga picha, akaitazama ile picha ya kifua kwa muda, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Mama, umevuta sigara miaka mingapi?"

Khalfani akataka kusema siyo yeye, ni mimi. Tatu akaisogeza barakoa pembeni.

"Tangu nilipoolewa," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyotaja mtaa anaokaa. Khalfani akatamani bora angetukanwa, angepigwa kofi mbele ya wauguzi wote.

Daktari akawaeleza taratibu. Moshi hauondoki mvutaji akiacha. Unakaa ukutani, kwenye godoro, kwenye pazia, na siku za unyevu unatoka tena. Aliyezaliwa nao au kuuzoea hausikii, lakini unamuumiza vile vile. Huo mluzi ni njia za hewa zimebana, hakuna mtu anayepiga. Na ubani nao ni moshi kama moshi mwingine, pafu halitofautishi. "Lililoharibika halirudi," akasema. "Tunalinda lililobaki, na lililobaki ni dogo."

Khalfani alirudi Kariakoo akakivamia chumba kama adui. Dirisha aling'oa misumari, jua likaingia, mara ya kwanza tangu Tatu aolewe. Godoro lilitoka, mapazia yalitoka, marobota yakahamia Mchikichini kwenye stoo. Ukuta aliubandua lipu lote kwa nyundo na tindo mpaka matofali, akapigisha lipu jipya. Bi Sitara alipopita na udi wake, kwa mara ya kwanza maishani Khalfani alimzuia shangazi yake mlangoni, kwa adabu lakini alimzuia. Tatu akarudishwa na kipulizo cha dawa alichopewa hospitali, cha kuvuta mdomoni, akalazwa kwenye godoro jipya chini ya dirisha. Khalfani akanusa kila pembe. Hakuna. Magharibi akaingia amejikaza, akanusa. Hakuna kitu, chokaa tu. Alikaa chini sakafuni akalia kwa shukrani.

Ijumaa moja baada ya swala alimkuta Tatu kapitiwa na usingizi, mdomo wazi kidogo, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Akamletea maji. Akainama kumwamsha, uso kwa uso, na Tatu akatoa pumzi.

Sigara.

Ileile. Mbichi, ya moto, kama imewashwa sasa hivi. Khalfani akaganda na kikombe mkononi. Alitazama dirisha, lilikuwa wazi. Alitazama ukuta, ulikuwa mkavu. Tatu akatoa pumzi nyingine, ikamgonga usoni, nayo ilikuwa sigara. Basi humo ndimo ilimohamia, na humo hamna nyundo ya kubandulia. Alitaka kuinuka. Badala yake mate yakamjaa, mkono mtupu ukapanda wenyewe nyuma ya sikio. Na pumzi ya tatu ilipotoka, Khalfani akaivuta. Akaivuta yote, akaishikilia ndani, macho kayafumba. Ilikuwa tamu, Mungu amsamehe. Akasogea karibu zaidi akisubiri nyingine.

Tatu akafumbua macho.

"Baba Adamu," akasema kwa sauti ya chini, "nipishe kidogo. Unanimalizia hewa."

Khalfani akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta mpya. Akasimama pale na maji yake mkononi, amezibana pumzi zake, anaogopa kuzitoa.