Skrubu Iliyolegezwa

Ganzi ilikuwa imeshahamia kwenye vidole vya Marvella Gaskins. Mwaka wa sita huo alikuwa akifungua maboksi kwenye chumba cha barafu cha duka moja kubwa kule Bronx, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa saba mchana. Mkono wa kushoto unakamata boksi, wa kulia unachomoa kisu cha kukunja kilichobanwa ukingoni mwa mfuko wa suruali. Saa tisa humpitia binti yake, Amaya, miaka minne, kwenye nyumba ya kulea watoto. Amaya humshika mkono, humpuliza vidole kimoja kimoja, kisha huuliza, "Vimerudi, mama?"

Nafasi ya Amaya pale ilikuwa ya mtoto wa mama mwenye kazi. Kazi ikienda, na nafasi inaenda.

Kisu alikinunua duka la vifaa mtaani kwao, kwenye kabati la kioo, karibu na makufuli, akapewa na risiti. Kilikuwa kigumu kufungua, na gumba lake lilishaliwa na baridi. Ocasio, mwenzake wa zamu, akamtazama anavyohangaika.

"Hebu lete, mama. Unafungua kisu kama unamenya ndizi mbichi."

Akalegeza skrubu ya bapa robo mzunguko, akadondosha mafuta matone mawili, kikalainika. Zamu nzima walifanya hivyo. Siku ya kwanza kazini unaonyeshwa choo, unaonyeshwa pa kupigia kadi ya kuingia kazini, unalegezewa skrubu.

Jumanne moja ya Februari Marvella alitoka kazini kisu kikiwa mfukoni kama siku zote. Kwenye lango la treni polisi wawili wakaona kibanio cha kisu ukingoni mwa mfuko.

"Dada, simama. Nini hicho mfukoni?"

"Kisu cha kazi. Nafungua maboksi."

Polisi mrefu akakichukua, akashika mpini, akarusha mkono kama mtu anayekung'uta maji. Hakikufunguka. Akarusha tena, na tena.

"Tumia kifundo cha mkono, siyo bega," mwenzake akamwambia. "Utateguka bure."

Mara ya nne bapa likachomoka, likajikaza mahali pake.

"Umeona? Kinafunguka kwa kurusha tu. Hiki ni marufuku."

"Mbona vinauzwa?"

"Mimi siuzi, dada. Geuka."

Pingu zilikuwa za baridi, lakini yeye hakuzisikia. Alichowaza ni saa tisa. Kituoni alipopewa simu akamwomba mama yake akamchukue mtoto, akasema amechelewa kazini.

Kesho yake mahakamani alipewa wakili wa bure, kijana aliyeitwa Sorensen, amekumbatia mafaili kama kuni.

"Sheria haiulizi ulitaka kukifanyia nini," Sorensen alisema. "Inauliza kinafungukaje. Tukibisha, utarudi hapa mara tano, sita, labda mwaka mzima. Ukikiri kosa dogo la kufanya fujo hadharani, unafagia bustani ya mji Jumamosi tatu, yameisha."

"Sikufanya fujo."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Sorensen akakuna shingo. "Halafu wataita jina lako baada ya dakika kumi, Bi Gaskins."

Meneja alishampigia simu mama yake Marvella, na mama akaleta ujumbe mahakamani: siku moja nyingine asipokuja, asije tena. Mara tano, sita. Marvella hakuhitaji kuhesabu.

Hakimu akamuuliza kama anakiri kwa hiari yake. Ukumbi ulikuwa na joto, watu wamevua makoti. Marvella akatazama vidole vyake vyeupe kwenye ncha.

"Ndiyo," akasema. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua boksi la njegere.

Alhamisi akarudi kazini. Kwenye chumba cha mapumziko akamkuta Ocasio na bisibisi, wenzake wamempangia visu mezani. Kila anachokikaza anakirusha kwa nguvu kukijaribu.

"Chako kimefunguka, Hutchins. Umefungwa."

"Rusha tena. Hakimu gani wewe, hata kofia huna."

Wakacheka. Walipomwona Marvella mlangoni wakawa na mambo ya kutafuta mifukoni. Ocasio akasogeza mbele yake kisu kipya.

"Mama, ni mimi niliyekilegeza kile."

"Nilikupa mwenyewe."

"Hiki kigumu. Nimekirusha mpaka mkono unauma."

"Polisi ni wawili, Ocasio. Wanapokezana."

Akakiacha mezani. Ndani ya chumba cha barafu akachana utepe wa maboksi kwa ufunguo wa nyumba. Ufunguo unavuta, unakwama, utepe unarefuka. Maboksi yakapanda nyuma yake mpaka begani. Meneja akachungulia.

"Leo uko polepole, Gaskins."

"Ndiyo."

Saa tisa alikuwa mlangoni kwa Amaya. Mtoto akaushika mkono, akapuliza kimoja kimoja, cha mwisho akakipuliza mara mbili.

"Vimerudi, mama?"

"Bado," Marvella akasema. "Funga zipu ya koti."