Maombolezo ya Malkia

Juzi, katika maktaba moja ya mtaa wa Frogtown, hapa Saint Paul, Marekani, nilimsikia binti akimsomea mama yake kwa sauti, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Mama ndiye aliyenifundisha, hapo hapo nyumbani. Siku hiyo tulikuwa tukisoma fasihi ya Enzi za Kati: maombolezo ya mfalme aliyefiwa na malkia wake. Nje, gari la kuondoa theluji lilikuwa likikwaruza barabara. Jikoni vitunguu vilianza kuungua, naye hakuinuka. Alikuwa akilia.

“Mama, huyu malkia alikufa zamani mno! Hata matanga yameshaanuliwa,” nilimtania.

“Soma tena, mwanangu. Polepole.”

Nilirudia, nikidhani kwamba matamshi yangu hayakumridhisha. Nilipomaliza, aliushika mkono wangu.

“Bibi yako amefariki. Wamenipigia simu kutoka kwetu kabla hatujaanza somo.”

Leo naelewa kwa nini alitaka nisome tena. Kwao alikotoka, nyumba ingejaa wanawake wa kulia pamoja naye. Hapa Saint Paul, baba akiwa kazini, Mama alikuwa na sauti moja tu ya kumwombolezea mama yake, sauti yangu, nayo haikujua inamlilia nani.